Kabla ya Dawa, Tumbo Lipimwe kwa Mikono

Mama anapofika hospitali na kusema, "Tumbo linaniuma," amesema neno dogo lenye mambo mengi ndani yake. Tumbo ni nyumba yenye wapangaji wengi. Wamo ini, mfuko wa nyongo, bandama, figo, utumbo na kibofu cha mkojo. Na kwetu sisi wanawake wamo pia kizazi na vifuko vya mayai. Mpangaji mmoja akiugua, nyumba nzima hulia. Ni yupi basi anayelia?

Katika mji wa Singida swali hili huulizwa kila siku. Wako akina mama wanaotoka hapa hapa mjini, Majengo, Utemini, Mughanga au Mandewa. Wako wanaopanda gari alfajiri kutoka Ilongero, Mtinko au Ikungi. Baadhi yao, kabla ya kufika kwa muuguzi, wamekwisha kupita duka la dawa na kununua vidonge vya minyoo, vya taifodi au vya kutuliza maumivu. Wengine wamekunywa mizizi, na wengine wamechanjwa chale. Dawa zimetumika, fedha zimekwisha, lakini jambo moja halijafanyika: hakuna mtu aliyeligusa tumbo lenyewe.

Katika makala haya tutaeleza muuguzi anafanya nini anapokulaza kitandani na kulipima tumbo lako au la mwanao. Mama anayeelewa kazi hiyo haoni aibu kupita kiasi, hujibu maswali kwa ukweli, na huweza kuidai pale inaporukwa.

Maswali huja kwanza

Muuguzi aliyefunzwa vizuri haanzi na mikono. Huanza na salamu na maswali. "Shikamoo mama. Pole. Lilianza lini? Lilianzia wapi, na sasa liko wapi?" Swali hilo la kuhama kwa maumivu si la kupoteza muda. Ugonjwa wa kidole tumbo, kwa mfano, mara nyingi huanza na maumivu karibu na kitovu. Baada ya saa kadhaa maumivu huteremka upande wa kulia, chini. Mgonjwa asiyesema kwamba maumivu yamehama anamnyima muuguzi nusu ya habari.

Kisha atauliza likoje: la kukata, la kunyonga, la kuchoma, au la kuvimbiwa? Umetapika? Matapishi yalikuwa na rangi gani? Umepata haja kubwa lini, na umetoa hewa? Mkojo unauma? Umekunywa dawa gani, za dukani na za kienyeji? Hili la mwisho akina mama wengi hulificha kwa kuogopa kukaripiwa. Tusilifiche. Dawa iliyokwisha kunywewa yaweza kubadili hali ya tumbo na kumpoteza anayelipima. Hata chale si siri. Muuguzi ataziona akiinua kanga. Mwenye hekima hakufokei, bali huuliza tu zilichanjwa kwa ajili ya nini, maana mahali palipochanjwa huonyesha ugonjwa ulianzia wapi.

Atauliza pia siku zako za mwezi zilikuja lini mara ya mwisho. Hapo wengine hukunja uso: "Nimekuja kwa tumbo, hayo ya nini?" Yana maana kubwa. Mimba yaweza kutunga nje ya kizazi, ndani ya mrija wa uzazi. Mrija ukipasuka damu humwagikia tumboni, na mama aweza kufa huku nje hakuonekani damu nyingi. Mwanamke aliyekosa siku zake, ana maumivu makali chini ya tumbo, anaona kizunguzungu au maumivu yanampanda hadi begani, huyo hana muda wa kusubiri zamu kwenye benchi.

Maswali kama haya hayajibiki mbele ya kila mtu. Ikiwa umesindikizwa na mama mkwe, shemeji au mtoto mkubwa, mwombe muuguzi mzungumze peke yenu. Wako pia bibi zetu kutoka vijijini ambao Kinyaturu au Kinyiramba ndicho kinachowatoka vizuri. Wengi huja na mjukuu wa kiume wa kuwatafsiria, na bibi hawezi kumwambia mjukuu huyo habari za mwili wake. Ni afadhali asindikizwe na binti au mkwe wa kike.

Jinsi ya kulala

Kabla ya kupanda kitandani utaombwa ukajisaidie haja ndogo. Kibofu kilichojaa huhisiwa kama uvimbe na huweza kumdanganya anayepima. Utalala chali, mto chini ya kichwa, mikono kando ya mwili, magoti yamekunjwa kidogo. Ukiweka mikono nyuma ya kichwa au ukinyoosha miguu, misuli ya tumbo hukaza na mikono ya muuguzi haipiti.

Utafunuliwa kuanzia chini ya matiti hadi kwenye kinena, basi. Kifua kifunikwe, na miguu ifunikwe kwa shuka au kanga yako mwenyewe. Pazia livutwe au mlango ufungwe. Anayekupima akiwa mwanamume, una haki ya kuomba mwanamke mwingine awepo. Kuomba hivyo si kumkosea heshima, na muuguzi mwenye adabu ya kazi yake hakatai.

Macho kwanza, vidole mwisho

Sehemu nyingine za mwili, kama kifua, hupimwa kwa kuangalia, kupapasa, kugonga na kusikiliza. Tumbo lina utaratibu wake: kuangalia, kusikiliza, kugonga, na kupapasa mwisho. Sababu ni kwamba ukilibonyeza tumbo kwanza, utumbo hushtuka na sauti zake hubadilika. Atakayesikiliza baadaye husikia alichokitibua mwenyewe.

Kwa macho muuguzi hutazama umbo la tumbo. Je, limejaa pande zote sawa, au limevimba upande mmoja? Kitovu kimetokeza? Kuna makovu ya operesheni? Mgonjwa akikohoa, pana uvimbe unaochomoza kwenye kinena au kitovu? Hiyo ni ngiri. Hutazama pia macho ya mgonjwa kama yamekuwa manjano, na namna anavyolala. Mwenye maumivu ya kunyonga hujigeuzageuza, lakini yule ambaye tumbo lote limeingia usaha hulala kimya bila kujitikisa, maana hata kutikisika kunamuuma.

Kisha huja kifaa cha kusikilizia. Kifaa hiki kina habari ya kupendeza. Mwaka 1816 daktari René Laennec wa Paris alimpokea msichana mwenye ugonjwa wa moyo, akaona haya kuweka sikio lake kifuani mwa msichana yule. Akakunja karatasi ikawa kama bomba, akasikilizia kupitia hapo. Hivyo chombo ambacho leo kiko shingoni mwa kila daktari kilitokana na kuiheshimu staha ya mwanamke. Juu ya tumbo kinatumika kusikiliza utumbo ukifanya kazi. Utumbo mzima huguruma mara 5 hadi 30 kwa dakika. Ukiguruma kwa kasi na kwa sauti nyembamba huku mgonjwa anatapika na hapati choo, huenda umeziba. Ukinyamaza kabisa kwa dakika kadhaa, hiyo ni habari mbaya zaidi.

Kugonga hufanywa kwa vidole. Muuguzi hulaza kidole kimoja juu ya tumbo na kukigonga kwa kidole cha mkono wa pili. Aliyeandika kwanza juu ya njia hii, kwa kupima kifua, ni Leopold Auenbrugger wa Austria mwaka 1761. Alikuwa mtoto wa mwenye nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba alijifunza kwa kuona mapipa yakigongwa kujua yamejaa kiasi gani. Akina mama tunaligonga debe la alizeti kwa njia hiyo hiyo. Penye hewa hulia kama ngoma. Penye maji, uvimbe au ini hutoa sauti nzito. Maji yakijaa tumboni, mgonjwa akilala ubavu sauti nzito huhamia upande wa chini, kwa kuwa maji hufuata mteremko.

Mwisho ndipo huja kupapasa. Mikono iwe imesafishwa, ina joto, na kucha fupi. Huanza mbali na mahali panapouma na kumalizia hapo. Mara ya kwanza hubonyeza polepole, kina cha sentimeta moja hivi, akizunguka pande zote nne za tumbo. Mara ya pili hubonyeza kwa kina zaidi. Huku anabonyeza, macho yake hayako tumboni bali usoni mwako. Uso hausemi uongo. Kwa hiyo, mama, usijikaze. Tumezoea kusifiwa kwa uvumilivu, lakini kwenye kitanda cha kupimia uvumilivu huficha ugonjwa. Ukiumia, sema.

Vidole hivyo hutafuta ini chini ya mbavu za kulia na bandama chini ya mbavu za kushoto. Bandama la mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haliguswi. Likiguswa, limekua, na muuguzi ataanza kuuliza: umeugua malaria mara kwa mara? Umewahi kuishi kando ya Ziwa Victoria? Kichocho cha matumbo, ambacho kimeenea pande za ziwa lile, huharibu ini na kukuza bandama, na wengi wa Singida wana ndugu au biashara Mwanza.

Chini upande wa kulia ipo sehemu iliyopewa jina la daktari Charles McBurney wa New York, aliyeieleza mwaka 1889. Ndipo kidole tumbo kilichovimba huuma kuliko mahali pengine. Na likiwepo tumbo gumu kama ubao, ambalo mgonjwa hawezi kulilegeza hata akiombwa, muuguzi haendelei kubonyeza. Humwita daktari mara moja.

Kwa mama mjamzito na aliyejifungua

Kwa wajawazito, mikono ya muuguzi mkunga hufanya kazi mbili: hupima kizazi na humtafuta mtoto. Kwa kawaida kizazi hufika usawa wa kitovu mimba ikiwa na wiki 20 hivi, na hufika karibu na chembe ya moyo kwenye wiki ya 36. Kuanzia wiki ya 24, utepe wa kupimia kutoka mfupa wa kinena hadi juu ya kizazi huonyesha sentimeta zinazokaribiana na idadi ya wiki. Sentimeta zikipungua sana, huenda mtoto hakui. Zikizidi sana, huenda ni pacha au maji mengi.

Kisha mkunga hupapasa kwa hatua nne, zilizopewa jina la daktari Mjerumani, Christian Gerhard Leopold. Juu kumelala nini, kichwa au makalio? Mgongo uko upande gani? Chini kumetangulia nini? Kichwa kimeshuka kwenye nyonga? Mwisho huweka lile tarumbeta dogo, lililobuniwa na Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, na kuhesabu moyo wa mtoto, ambao kwa kawaida hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika. Mtoto aliyelala kikingamo akigunduliwa mapema, mama hupangiwa kujifungulia mahali penye chumba cha upasuaji. Akigunduliwa uchungu umekwisha kuanza huko kijijini, ni mbio za kuokoa maisha. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani limeshauri mjamzito aonwe mara nane au zaidi. Usikose siku zako, na ukiondoka kliniki bila tumbo kupapaswa, uliza kwa upole kwa nini.

Hata baada ya kujifungua mkono una kazi. Kizazi kilichokaza huhisiwa chini ya kitovu kama mpira mgumu. Kikiwa laini, mishipa iko wazi na damu yaweza kumwagika kwa wingi. Ndiyo maana mkunga hurudi mara kwa mara kukibonyeza, ingawa unachoka na unatamani kulala. Asipofika, mwite. Mwombe pia akuonyeshe, nawe ukiguse mwenyewe. Ukikuta kimelegea, au kanga inalowa haraka, paza sauti.

Watoto wetu

Mtoto mdogo hupimwa vizuri zaidi akiwa mapajani mwa mama yake. Muuguzi mzoefu hucheza naye kwanza, na pengine huweka kiganja cha mtoto mwenyewe chini ya mkono wake ili asiogope. Tumbo la mtoto wa miaka miwili kutokeza kidogo si ajabu. Lakini mama anayemwogesha mwanawe kila siku ndiye mtu wa kwanza kugundua kitu kigeni. Uvimbe mgumu upande mmoja wa tumbo waweza kuwa saratani ya figo, ambayo huwapata watoto wadogo. Katika hospitali ya Mulago, Kampala, miaka ya 1950, daktari Denis Burkitt alieleza saratani nyingine ya watoto wa Afrika, ambayo huvimbisha taya au tumbo. Saratani hizi huwahiwa zikatibika. Ukigusa uvimbe, usiubonyezebonyeze wala usiwape majirani waushike. Mpeleke mtoto hospitali.

Kuna watoto ambao mama zao hufundishwa kabisa kupapasa tumbo nyumbani. Ni wale wenye selimundu. Inakadiriwa kuwa watoto wapatao 11,000 huzaliwa nayo Tanzania kila mwaka. Kwa mtoto mwenye selimundu, damu yaweza kunasa ghafula ndani ya bandama, likavimba na mtoto akaishiwa damu kwa muda wa saa chache. Huko Jamaika, kuanzia miaka ya 1970, wazazi walifundishwa kuligusa bandama la mtoto wao na kuwahi hospitali wakiona limekua. Vifo vya namna hiyo vilipungua sana. Kama mwanao anahudhuria kliniki ya selimundu, mwombe muuguzi akufundishe: mtoto amelala chali, vidole chini ya mbavu za kushoto, polepole.

Binti anayelia akikojoa

Hapa kwetu Singida hatuwezi kuzungumza habari za tumbo la mtoto wa kike bila kutaja lawalawa. Tangu miaka ya 1970 mwanzoni, kwa Wanyaturu na hata kwa jirani zetu Wagogo wa Dodoma, binti aliyewashwa sehemu za siri, aliyeumwa akikojoa au kutoa harufu, alisemwa ana lawalawa. Ilisemwa kwamba mizimu imekasirika na kwamba tiba ni kumkeketa. Kwa sababu hiyo hata watoto wachanga wamekeketwa kwa siri, wakipoteza damu, na wengine maisha. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionyesha kuwa takriban asilimia 31 ya wanawake wa mkoa huu wamekeketwa.

Lawalawa hiyo muuguzi anaijua kwa jina lingine: ni maambukizo ya njia ya mkojo au ya ukeni. Atauliza mtoto anakojoaje, atapima homa, atabonyeza taratibu juu ya mfupa wa kinena kilipo kibofu, na kumgonga kidogo mgongoni zilipo figo. Kisha atapima mkojo. Tiba yake ni dawa, maji safi ya kunawa, nguo ya ndani iliyokauka juani, na kumfundisha binti kujifuta kutoka mbele kwenda nyuma. Hakuna wembe katika tiba hiyo. Tena sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na adhabu yake yaweza kufikia kifungo cha miaka 15.

Huenda shangazi au bibi akasisitiza. Usimjibu kwa ukali. Mwambie, "Mama, ngoja kwanza akapimwe." Akishaona mtoto amepona kwa dawa za siku chache, atakuwa na la kuwasimulia wenzake.

Mambo ya kukumbuka

Usisubiri kesho ukiona mojawapo ya haya:

- Tumbo gumu kama ubao, au maumivu makali yanayozidi kila saa.
- Kutapika pamoja na kukosa choo na hewa.
- Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga, au choo chenye damu kama jeli kwa mtoto anayelia kwa vipindi huku akikunja miguu.
- Kutapika damu, au choo cheusi kama lami.
- Maumivu chini ya tumbo kwa aliyekosa siku zake.
- Maumivu au damu kwa mjamzito, au mtoto kuacha kucheza tumboni.

Ukiwa njiani kwenda hospitali na maumivu makali ya tumbo, usinywe dawa ya kuharisha, usipigwe bomba la maji, wala usikandwe tumbo. Kidole tumbo kilichovimba chaweza kupasuka.

Ni kweli, siku hizi kipo kipimo cha ultrasaundi, na ni kizuri. Lakini hakiko katika kila zahanati, tena anayekitumia huhitaji kuambiwa atazame wapi. Mikono ya muuguzi iko kila mahali, haina bei, na kazi yake humalizika kwa dakika chache. Basi ukipewa karatasi ya dawa kabla hujalala kitandani, sema kwa adabu, "Samahani nesi, naomba kwanza uniguse tumbo." Ni ombi la haki, na muuguzi anayeipenda kazi yake atalisikia.